Kumi na Nne Isiyokuwa Yangu

Saru aliniambia tukiwa tumeinamia beseni la viazi, kwenye harusi ya binamu yake huko Wusi, mwezi uliopita. Tulikuwa wasichana sita nyuma ya jiko, visu butu, maganda yametufunika vidole vya miguu, na mama mmoja aliyejifunga leso kiunoni akipita kila mara kutukemea kwamba tunamenya viazi mpaka vinabaki gololi. Mimi na Saru hatukuwa tumeonana tangu tumalize Form Four. Tulishazungumza habari za nani ameenda chuo gani na nani amerudi nyumbani kulima, ndipo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hata kuinua macho: “Hivi Mshai, wewe siku zote ulidhani mkono wangu ulisogea wenyewe?”

“Mkono gani?”

“Wa maabara. Form Two. Swali la kumi na moja.”

Kisu changu kilisimama katikati ya kiazi. “Nilikuona ukilia,” akaendelea. “Si kulia kwa machozi. Kulia kwa pua. Unavuta kamasi, unafuta karatasi, unavuta, unafuta, mpaka nikasema huyu ataitoboa. Nikasogeza mkono.” Akatupa kiazi kwenye beseni, maji yakaturukia. “Halafu ukanyamaza na hilo jambo miaka yote. Wewe nawe!” Nilicheka, wenzetu wakacheka bila kujua tunacheka nini, lakini ilibidi niende nyuma ya nyumba kunawa uso. Miaka mitatu nilikuwa nikidhani nilimwibia rafiki yangu bila yeye kujua. Kumbe alinipa.

Niliporudi Voi nilitafuta daftari langu la mwaka ule. Ni daftari la mraba, la hesabu, kwa sababu ndilo lililokuwa limebaki dukani siku niliyoamua kuanza kuandika mambo yangu, na maandishi ya Form Two yamejibana ndani ya vile vijumba mpaka kuyasoma ni kazi. Wakati huo nilikuwa mtu wa kuandika, si wa kusema. Kuna wiki ambazo neno langu pekee darasani lilikuwa kuitikia jina langu asubuhi, na hata hilo mwalimu aliniambia nirudie. Ukurasa wa muhula wa pili umeandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa: NIMEFANYA KITU. Halafu kurasa nne nzima sisemi ni kitu gani. Hata daftari langu mwenyewe nililiogopa.

Mwaka ule mtihani wa hesabu ulikuja tofauti. Tulikuwa tumezoea mtihani wa kufungua muhula, ambao ukishasahihishwa orodha inabandikwa ubaoni nje ya ofisi, kutoka namba moja mpaka namba ya mwisho, na kila mtu anasukumana kutafuta jina lake. Mimi sikusukumana. Nilingoja watu waende kula, ndipo nikapita polepole kama mtu aliyetumwa ofisini, nikitafuta jina langu kuanzia chini, kwa sababu kuanzia chini ndiko karibu. Muhula wa kwanza nilipata maswali manne kati ya ishirini. Sasa, muhula wa pili, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ikaleta mtihani mmoja kwa shule zote, na ikasema orodha isibandikwe. Kila mwanafunzi angepewa karatasi yenye maswali ishirini na alama ya vema au msalaba mbele ya kila swali, walimu waone amekwama wapi, wamfundishe hapo, halafu mwisho wa muhula apewe mtihani kama huo tena ionekane amesogea kiasi gani. Hakuna kulinganishwa na jirani. Unalinganishwa na wewe mwenyewe wa mwezi wa tano.

Wazazi hawakupenda. Najua kwa sababu siku ya mkutano wao nilikuwa miongoni mwa waliogawa chai na mandazi, na mtu mnyamavu akibeba birika watu husahau kwamba ana masikio. Mwalimu mkuu alieleza jambo hili akiwa amevaa sweta lake la sufu, joto la Voi likiwa limewafanya wengine wote wajipepee kwa bahasha. Alikuwa mtu wa milimani, alifundisha historia, na sweta hakulivua hata mwezi wa pili. Mzee mmoja akasimama. “Mwalimu, mimi nataka namba. Jumapili nikiulizwa kanisani, mtoto wako alikuwa wa ngapi, nitajibu nini? Ana msalaba swali la saba?” Ukumbi ukaangua kicheko. Mama aliyekuwa karibu nami akamnong’oneza mwenzake, “Si afadhali msalaba, wangu muhula uliopita alikuwa wa arobaini na nane,” wakacheka tena wawili, na mimi nikamimina chai nje ya kikombe.

Tulifanyia mtihani maabara kwa sababu madawati ya darasani yalikuwa yamebanana mno. Meza za maabara zilikuwa ndefu, za saruji, zenye sinki kavu katikati, na ndani ya sinki letu kulikuwa na mjusi aliyekufa zamani na vifuniko vya kalamu. Saru alikaa kushoto kwangu. Nje treni ya mizigo ilipita, ile inayochukua muda mrefu mpaka unasahau kuwa inapita, na mimi nilikuwa swali la kumi na moja. Tangi la shule lina lita mia sita za maji. Wiki ya kwanza maji yamepungua, mia mbili arobaini. Wiki ya pili yamepungua tena, tisini. Yamebaki lita ngapi? Swali lilikuwa kwa Kiingereza, lakini mimi kila swali nililibeba kichwani kwa Kiswahili, ndivyo nilivyozoea. Nikatoa mia mbili arobaini, nikatoa tisini, nikapata mia mbili na sabini. Niliandika. Nikafuta nikivuta kamasi, nikaandika tena ile ile, kisha mkono wa Saru ukasogea, nikaona kwa pembe ya jicho kwamba ameandika mia moja hamsini.

Hapo ndipo nilipoifuta kabisa. Sikuwa na mwakenya, ile karatasi ndogo ya majibu ambayo wengine waliificha kwenye soksi, na sikuwa nimepanga kumwibia mtu. Nilifuta kwa sababu nilijua Saru anajua na mimi sijui. Nikaandika mia moja hamsini. Na baada ya kufanya hivyo mara moja, mara ya pili haikuwa ngumu. Nilifuta la kumi na mbili, la tatu, la sita. Nikitazama nyuma sasa, kinachonishangaza ni jinsi nilivyokuwa makini. Nilinakili hata pale alipokosea.

Nilipata kumi na nne. Kutoka nne. Nakumbuka nikiilaza kifudifudi ile karatasi yenye vema nyingi, kwa sababu nilikuwa sijafikiria kabisa kitakachofuata. Nilidhani kufaulu ndiko mwisho wa mambo: ukifaulu wanakuacha. Lakini Madam Zuhura, mwalimu wetu wa hesabu, hakuwa na nia ya kumwacha mtu. Alitoka Taveta, sauti yake ilikuwa ya chini, Kiswahili chake kimenyooka, na hakuwahi kukimbilia jambo. Alisimama mbele ya darasa siku ya Jumatatu akasema: “Sikuwapanga kwa alama. Nimewapanga kwa maswali. Waliopata swali fulani watakaa na wasiolipata, wawaeleze. Swali la kumi na moja limewashinda karibu wote. Wamelipata watu sita tu.” Akasoma majina sita. La nne lilikuwa langu.

Kwa hiyo Jumanne, baada ya chakula cha mchana, nilijikuta kwenye stoo ya vitabu nikiwa mwalimu. Stoo ile ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja, harufu ya gundi na panya, atlasi za zamani zimepangwa mpaka darini. Nilipewa watu watatu: wasichana wawili wapole waliofungua madaftari yao wakaningoja, na Mutua. Mutua alitoka Maungu, alikuja shuleni kila asubuhi kwa lori la mjomba wake, na alikuwa na mdomo wa soko.

“Haya, Mwalimu Mshai,” akasema, akakaa juu ya rundo la vitabu. “Mimi nilipata mia mbili na sabini. Hawa nao mia mbili na sabini. Wewe mia moja hamsini. Tuonyeshe njia.”

Nilichukua chaki. Niliandika mia sita kwenye ubao wa zamani ulioegemezwa ukutani. Nikaandika mia mbili arobaini chini yake. Nikasema, “Hapa unatoa.”

“Nikatoa. Ikawa ngapi?”

“Mia tatu na sitini.”

“Hata mimi. Endelea.”

“Halafu unatoa tisini.”

“Hata mimi! Inakuwa mia mbili na sabini. Sasa hiyo mia moja hamsini yako inatokea kona gani?”

Niliutazama ubao. Nilikuwa na jibu sahihi na sikuwa na njia ya kulifikia. “Unatoa tu,” nikasema. “Unatoa… mara nyingine.”

“Mara nyingine unatoa nini? Unatoa tu mpaka uchoke?” Wale wasichana walicheka wakajiziba midomo. Mutua naye hakucheka. Alinitazama akainamisha kichwa upande. “We, Mshai. Wewe unajua kweli?” Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza. Mlangoni alikuwa amesimama Madam Zuhura, sijui tangu saa ngapi. Aliingia, akachukua chaki mkononi mwangu, akasema tutaendelea siku nyingine, na jioni ile akakusanya upya karatasi zetu za mtihani, za darasa zima.

Kesho yake saa nne asubuhi nilitumwa kupeleka madaftari ofisi ya walimu. Ofisi ile ilikuwa na dirisha la vioo vya kukunja ambavyo nusu vilishavunjika, ukiwa nje mlangoni unasikia mpaka kijiko kikikoroga chai. Niliposikia jina langu nilisimama.

“Huyu Mshai,” ilikuwa sauti ya mwalimu mkuu. “Muhula uliopita nne. Sasa kumi na nne. Jirani yake kumi na nne. Na makosa sita ni yale yale, maswali yale yale. Madam, mimi ni mtu wa historia, lakini hesabu hii naiweza. Ameibia.”

“Ameibia, Mwalimu. Ni kweli.”

Nilisikia madaftari yakianza kuteleza mikononi, nikayabana kwa kidevu.

“Basi barua mbili. Yeye na huyo Saru. Waende nyumbani, warudi na wazazi.”

“Saru kakosa nini?”

“Nitajuaje nani aliandika na nani alinakili? Waje wote, tutajua.”

“Mimi najua,” alisema Madam Zuhura. “Tazama hapa. Jibu la juu liache. Tazama chini yake, palipofutwa. Inua karatasi kwenye mwanga.”

“Sioni kitu. Miwani iko ofisini kwangu.”

“Kuna jibu jingine hapo chini. Hilo ndilo lake. Na nusu ya darasa wameandika jibu hilo hilo, Mwalimu, tarakimu kwa tarakimu, watoto waliokaa mbali mbali. Watu hawabahatishi namba moja wote. Kuna kitu kinawakwaza mahali pamoja, na mtihani huu tumeletewa tukijue. Nikimfukuza huyu leo nitamuuliza nani?” Kijiko kikazunguka kwenye kikombe. “Nipe mpaka Ijumaa. Nitampima peke yake.”

“Ijumaa,” akasema mwalimu mkuu. “Nisipoona kitu, barua mbili.”

Niliyaweka madaftari sakafuni mbele ya mlango nikaondoka. Mchana ule tulikuwa na githeri, na mimi nilikaa na sahani yangu kwenye kivuli cha tangi la maji bila kugusa punje ya mahindi wala ya maharagwe. Saru akaja, akaiangalia sahani. “Kama huli, nipe.” Nikampa. Alikula ya kwake, akala ya kwangu, akinisimulia habari za jirani yao ambaye ndovu walivunja ua wake wakala mipapai yote wakaacha pilipili. Kila alipocheka mimi niliona barua yenye jina lake. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Daftari langu la siku ile lina mstari mmoja: Saru atafukuzwa kwa ajili yangu na amekula githeri yangu akisema asante.

Alhamisi Madam Zuhura aliniita stoo. Alikuwa amesafisha kona ya meza na kuweka bakuli la plastiki lenye mahamri na mbaazi za nazi. “Kula kwanza,” akasema. “Hesabu haziendi popote.” Nilikula hamri moja kwa adabu, halafu njaa ya siku mbili ikanishika nikala matatu. Yeye alisahihisha madaftari bila kuniangalia. Nilipomaliza akanisogezea karatasi ya mtihani, akaziba majibu yote kwa kiganja, akaacha swali la kumi na moja peke yake. “Usiandike. Nieleze swali hili linasema nini, kwa Kiswahili.”

Kwangu mimi afadhali angenichapa. Lakini chumba kilikuwa kidogo, sote wawili tu. Nikasema polepole: “Tangi lilikuwa na lita mia sita. Yakapungua kwa lita mia mbili arobaini. Halafu yakapungua kwa lita tisini.”

“Rudia.”

Nikarudia.

“Kwa mia mbili arobaini, na kwa tisini?”

“Ndiyo, Madam.”

Akaweka kalamu chini. Nakumbuka uso wake ulifunguka, kama mtu aliyekuwa akitafuta funguo nyumba nzima akazikuta mkononi. “Kwenye karatasi,” akasema, “la kwanza limeandikwa *to*. La pili *by*. Wewe yote mawili umeniletea *kwa*.”

“Kwani si ni *kwa* yote mawili, Madam?”

“Jumamosi nilikwenda Mboghoni kwa baiskeli, kwa shangazi yangu. Shangazi ni baiskeli?”

Nilicheka mpaka mate yakanipalia. Akanipigapiga mgongo huku yeye mwenyewe akicheka. “Umeona? Kwa baiskeli ndivyo nilivyokwenda. Kwa shangazi ndiko nilikofika. Kiswahili chetu kimoja kinabeba yote mawili na sisi tunaelewana, hatuna shida. Lakini huyu Mzungu ana maneno mawili. Wiki ya kwanza maji *yalifika* mia mbili arobaini. Yalishuka yakatua hapo. Wiki ya pili ndipo tisini zikatoka. Sasa nipe jibu.”

“Mia moja hamsini,” nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja namba ile na kuiona. Niliona maji yameshuka ndani ya tangi, yamesimama kwenye alama, halafu yameshuka tena kidogo.

Nikavuta pumzi. “Madam, mimi ile siku ya mtihani…”

“Kesho,” akasema. “Kesho asubuhi nitakupa maswali ishirini mengine. Utakaa hapa peke yako. Saru atakuwa darasani.” Akafunika bakuli lake, akaondoka, akaniacha nikijua kwamba anajua na kwamba anajua najua.

Baadaye nilikuja kusikia kwamba alilipeleka neno hilo moja, *kwa*, kwenye mkutano wa walimu wa hesabu wa shule za jirani, wakafungua karatasi za wanafunzi wao, na mia mbili na sabini ilikuwa imejaa huko pia, kutoka upande wa Maungu mpaka Taveta. Walimu walikuwa wamefundisha kutoa mwaka mzima. Watoto walijua kutoa. Hakuna aliyekuwa amekaa na mtoto akamwambia, nieleze swali linasema nini. Wiki iliyofuata Madam alilifundisha darasa zima, na alipotaja shangazi na baiskeli Mutua akapaza sauti, “Kwa hivyo Madam, shangazi hana upepo kwenye magurudumu?” Akatolewa nje dakika kumi, akacheka huko huko nje. Mpaka leo nikiona mtihani wowote wa kupima watoto, natamani kuuliza ni nani atakayetazama palipofutwa. Lakini hayo ni ya sasa. Ijumaa ile mimi nilikuwa bado na barua mbili kichwani.

Maswali ishirini niliyafanya kati ya atlasi, mlango wazi, sauti za darasani zikija na kuondoka. Mengine niliyaruka kabisa. Hakuna niliyemtazama, hakukuwa na wa kutazama, na katika saa ile moja nilisikia utulivu wa ajabu: kila nilichoandika kilikuwa changu, hata upumbavu wake. Madam alisahihisha palepale nikiwa nimesimama. Hakusema alama. Alichukua karatasi zote mbili, ya zamani na mpya, akaniambia twende.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na vikombe vya mpira wa wavu vilivyoshika kutu, kalenda tatu za miaka iliyopita, na thamosi kubwa ya maua. Alikuwa na miwani na sweta. Kwenye meza, mbele yake, niliona bahasha mbili za kaki. Juu ya moja kuliandikwa jina la babake Saru.

Alizilaza karatasi mbili bega kwa bega. “Kumi na nne,” akasoma. Akasogeza kidole. “Tisa.” Akanyanyua uso. “Madam, mbona ameshuka?”

Nilimtazama Madam Zuhura ajibu. Alikuwa akitazama kalenda. Aliisoma kwa makini kabisa, kalenda ya mwaka juzi, kana kwamba kuna tarehe anayoitafuta, na nikaelewa kwamba hatajibu. Nje mtu alikuwa akipiga kengele ya mapumziko. Nilingoja imalize. Ilipomaliza hapakuwa na kisingizio.

“Sijashuka, Mwalimu,” nikasema. “Ile kumi na nne haikuwa yangu.”

“Sema nisikie.”

Maisha yangu yote watu waliniambia hivyo, sema nisikie, na siku zote nilirudia kwa sauti ndogo zaidi. “Kumi na nne haikuwa yangu!” Nadhani hata vikombe vilisikia. “Nilimwangalia Saru. Yeye hakunipa, mimi nilitazama mwenyewe. Hajui. Tisa ndiyo yangu. Kwanza nilikuwa na nne, sasa nina tisa.”

Kwa jinsi nilivyojua siku ile, huo ulikuwa ukweli mtupu.

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Alichukua bahasha yenye jina la babake Saru akaichana mara mbili, taratibu. Kisha akaichukua ya kwangu. Akaishika. “Wiki mbili,” akasema, “utaosha maabara kila siku saa kumi. Meza zote, na zile sinki. Na mwisho wa muhula nitaiangalia karatasi yako mimi mwenyewe.” Akaichana na hiyo.

Sikumbuki kama nilisema asante. Nakumbuka kwamba hewa ya ofisi ile, ya vumbi na chai iliyopoa, iliingia mpaka chini kabisa ya kifua, mahali ambapo hewa haikuwa imefika tangu Jumatatu. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka mwalimu mkuu aliposema, “Hebu ngoja.” Alikuwa ameiinua karatasi ya zamani kwenye mwanga wa dirisha. “Hapa ndipo palipofutwa? Swali la tangi?” Alisoma akisogeza midomo. Akachukua kalamu, akaandika pembeni ya gazeti lake, mia sita, akatoa, akatoa tena. Akatazama alichopata, akatazama kwenye mwanga, na uso wake ukajaa mshangao wa kweli.

“Lakini huyu mtoto alikuwa amepata!” akasema. “Mia mbili na sabini! Sasa kwa nini alifuta?”

Madam Zuhura alikohoa kikohozi kimoja kirefu, akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mimi nilirudi mpaka mezani. Niliweka kidole changu juu ya lile neno dogo la Kiingereza, kwenye karatasi yangu, mbele ya mwalimu mkuu wa shule.

“Hapana, Mwalimu,” nikasema. “Hapo maji yalifika mia mbili arobaini. Hayakupungua mia mbili arobaini. Ngoja nikuonyeshe.”

Akanisogezea kalamu.